Vumbi la Mama Klara

Mpendwa mke wangu, Mama Klara,

Kwanza nakuomba radhi, kwa sababu barua hii haitakuwa yako peke yako. Katika miaka yote tuliyoishi pamoja hukupenda mambo ya nyumbani yavuke mlango, na mimi nilikuheshimu katika hilo. Lakini hapa Lindi wapo watu wanaosema, sokoni na hata kwenye ngazi za kanisa, kwamba karani mzee ameficha vumbi la marehemu mkewe ndani ya mashine na amekataa kulitoa. Wengine wameongeza maneno ambayo sitayaandika. Nimeona afadhali niandike wazi, anayetaka kusoma asome, ila maneno yenyewe nayaelekeza kwako. Vumbi ni lako, na wewe ndiye unayestahili kujua limekwenda wapi.

Shemeji Luisa alikuwa hapa leo asubuhi. Nitafika huko. Niruhusu nianze mbali kidogo, kama ilivyo tabia yangu iliyokuchosha siku zote.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukifagia kabla ya mashine. Ulichota maji kwa kata, ukanyunyiza sakafu kwa ncha za vidole kama padri anayebariki, kisha ukainama na ufagio wa chelewa, mkono mmoja mgongoni. Vumbi la mji huu halitii maji. Lilipanda hata hivyo, na ulipofika mlangoni ulikuwa umeshika fremu kwa mikono miwili, ukivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Mimi nilisimama na kikombe cha maji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote katika ugonjwa wako wa pumu, kusimama na kikombe.

Daktari wa misheni alituambia vumbi lisikukaribie. Ulimjibu kwa adabu kabisa, "Bwana Daktari, mimi naishi Lindi. Utanipeleka wapi pasipo na vumbi?" Naye, maskini, akaandika dawa.

Ndipo ulipofika mnada ule wa kule mlimani, kwenye nyumba za wazungu. Wakati ule wengi wao waliokuja kwa ajili ya shamba kubwa la karanga walikuwa wakifunga virago, na vitu vyao vilipangwa barazani kama watoto yatima: vitanda, majiko ya mafuta, picha za mbwa. Mimi nilikwenda kutafuta kabati la vitabu. Wewe ulisimama mbele ya mashine mbili za kuvuta vumbi, na hukuondoka hapo.

Moja ilikuwa bomba nene la chuma linalolala chini na kuburutwa kwa vyuma viwili kama miguu ya kitanda, na mpira mrefu umetoka mbele yake kama mkonga wa tembo. Iling'aa. Ya pili ilisimama wima, ina mpini mrefu, na mfuko wa kitambaa cheusi umening'inia kama kanzu ya padri kwenye msumari. Mimi niliitaka ile inayong'aa. Nilikuwa nimekwisha kusoma kijitabu chake na nikakueleza kwamba ina nguvu zaidi, kwamba inafika uvunguni mwa kitanda, na kwamba taka zake huingia katika mfuko wa karatasi unaotupwa pamoja na vumbi lake, mtu asiguse kitu.

Ulimuuliza mnadi, "Mfuko ukitupwa, mwingine unauzwa wapi?"

Akasema Dar es Salaam, na kama haupo, Nairobi.

Ukanigeukia na kuniambia taratibu, ili asisikie, "Baba Klara, tutakuwa tunaagiza pipa la taka kutoka Nairobi?"

Nilishindwa kujizuia kucheka mbele za watu. Lakini nami nilikuwa na hoja, na sikuiacha. Nilikuonyesha kwamba ile ya wima ina brashi ya kuzunguka chini yake, na brashi huzungushwa na mkanda wa mpira, na mpira katika joto letu huoza. Mkanda ukikatika, tutafanyaje? Uliuweka mkono wako kwenye ule mfuko mweusi, ukaupapasa mshono wake mpaka chini, ukasema, "Mkanda utakuwa shida yako. Mfuko utakuwa shida yangu." Tukakubaliana hivyo, tukaibeba nyumbani kwa mkokoteni, umeifunika kwa kanga ili watu wasituone tunajivuna.

Sote wawili tulikuwa na haki. Mfuko wako ulidumu. Mkanda wangu ulikatika kabla ya Noeli, na nikakata mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Wa kwanza ulibana mno, mashine ikapiga kelele na nyumba ikanuka kama gurudumu linaloungua. Nikakata tena, nikakata tena, wewe umekaa kwenye mkeka unasuka ukili na kuniuliza kwa upole kama serikali ilikuwa ikinilipa pensheni kwa kazi ya namna hii. Ulipopatikana mkanda uliofaa nilijisikia kijana. Nilijua angalau jambo moja ninaloweza kukufanyia dhidi ya kile kifua.

Wasomaji wa barua hii hawatajua jinsi tulivyopata umeme, kwa hiyo niwaeleze, nawe nivumilie. Tulipanga vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya Bwana Hirji, mwenye kinu cha kusaga nafaka, na injini ya kinu ndiyo iliyotupa umeme. Injini ikinguruma asubuhi, wewe ulikuwa tayari umesimama na mpini mkononi. Injini ikielemewa na mahindi mabichi, sauti ya mashine nayo ilishuka, na ulisimama katikati ya chumba ukingoja, huku ukiniambia kwa macho kwamba Bwana Hirji amepakia kinu kupita kiasi. Uliiita mashine "Bwana Mkubwa". Nilikuomba usiseme jina hilo mbele ya wageni, nilikuwa bado mtu wa ofisini kwa hofu kama si kwa kazi. Ulisema, "Nimwiteje? Anaunguruma, anashiba, na bila kusukumwa hatembei."

Nami, kwa kuwa nilitaka kukupunguzia kazi, siku moja niliuchukua mfuko uliojaa, nikaenda nao uani na kuukung'uta juu kwa juu penye upepo. Nguo za Mama Hirji zilikuwa zimeanikwa kambani. Alitokeza dirishani akaniuliza, "Karani, wewe mtu wa sala, mbona umetunyeshea majivu?" Ulizifua nguo zile zote mwenyewe, na tangu hapo hukuniruhusu tena kuugusa mfuko. Ulikuwa na namna yako. Ulilowesha gunia, ukaingiza mdomo wa mfuko ndani yake, ukalikaza gunia kwa mkono, ukatikisa kwa upole, na vumbi likatua kwenye unyevu bila kupanda. Ulijifunga kanga puani na kunifukuza nikae mbali, kana kwamba mgonjwa wa kifua alikuwa mimi.

Nilitazama kwa mbali. Nilijua kila hatua. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye walidhani nilishindwa kwa kutojua.

Masika ya mwisho sitayaandika kwa urefu. Dawa ilikuwepo, daktari alikuja, hata Bwana Hirji alituma gari lake. Mimi nilifanya nililoweza, nalo lilikuwa dogo hata sasa naona haya kulitaja. Nilipitisha mashine kuzunguka kitanda chako kila injini ilipolia, mikeka yote, mapazia, chini ya godoro. Iliweza kuvuta vumbi la nyumba nzima, isipokuwa lile lililokuwa ndani yako. Ulifungua macho ukaniona nikiisukuma kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Ulisema, "Usiisukume kwa nguvu. Iache ivute yenyewe." Uliongea maneno mengine siku zilizofuata, na sala tulisali pamoja, lakini hayo ndiyo ninayoyasikia.

Ndugu zako walishuka kutoka Rondo kwa lori, na nawashukuru hadharani. Mimi Mmatumbi wa milima ya Kilwa, niliyekulia bwenini misheni, mila zenu nilizijua kwa kuambiwa tu. Shemeji Luisa, mdogo wako, alizikusanya fagio zote za nyumba, akazifunga kamba, akazisimamisha nyuma ya mlango. Akanieleza kwa heshima kwamba ufagio usiguse sakafu mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo ndugu wa ukoo watarudi, nyumba itafagiwa kuanzia chumbani kwako hadi mlangoni, na vumbi la marehemu litatolewa nje. Hapo ndipo msiba utakapokuwa umekwisha, nami nitakuwa nimefunguliwa. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Wakazika, wakalala siku zao, wakarudi Rondo kungoja arobaini.

Nikabaki. Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu, injini ya Bwana Hirji ikaanza kulia. Nilisimama kabla ya kufikiri. Mikeka ilikuwa imejaa mchanga wa miguu ya waombolezaji, na wazo lililonijia, Mungu ni shahidi yangu, lilikuwa hili: Mama Klara atakohoa. Nikaishika mashine nikaipitisha. Nilipofika katikati ya chumba nilikumbuka kwamba hutakohoa tena. Sikuizima. Kesho yake niliipitisha vilevile, na kila siku iliyofuata. Fagio zilibaki zimefungwa nyuma ya mlango, sikuzigusa, na dhamiri yangu ilikuwa safi kabisa. Ufagio ndio uliokatazwa. Kuhusu mashine hakuna aliyesema neno, kwa kuwa huko Rondo hakuna aliyekuwa nayo.

Siku ya arobaini walikuja wanawake wa ukoo wenu, Shemeji Luisa mbele, na pamoja nao Bibi Sikudhani wa Mchinga. Yeye unamjua, ila wasomaji hawamjui: ni mtani wa ukoo wenu, na kwa mila mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka msibani na kumwambia mfiwa yale ambayo wengine wanayameza. Alikuwa amebeba ungo wa kupokelea vumbi. Uani kulikuwa na sufuria za wali motoni na wanaume wamekaa kwenye majamvi. Mimi, kama mume, niliwekwa kwenye kiti karibu na mlango.

Luisa alizifungua fagio. Wakaanza chumbani kwako, wameinama, polepole. Nilisikia chelewa zikikwaruza saruji, nikaona kuna jambo haliko sawa, kwa kuwa zilikwaruza kwa sauti kavu, kama zinafagia meza. Wakafika sebuleni, wakafika mlangoni. Bibi Sikudhani akautega ungo. Chembe chache za mchanga zikaingia, na unyoya mmoja wa kuku.

Aliutazama ungo, akanitazama mimi. "Nyumba ya mgane," akasema, "huwa na vumbi la kupandia muhogo. Hii mbona kama sahani iliyolambwa na paka?" Wanawake wakacheka kidogo, ndivyo mila inavyotaka. Akaendelea, "Mkwe wetu, sema tu. Umeoa lini? Bibi harusi hodari, hata harufu ya marehemu ameipangusa."

Sasa hakuna aliyecheka. Niliona uso wa Luisa ukibadilika, na nikaelewa kwamba lile lililosemwa kwa utani ndilo kila mmoja wao alilokuwa analifikiria kweli. Nyumba ya mwanamume mzee aliyefiwa ingewezaje kuwa safi namna ile kama hamna mwanamke ndani? Luisa aliniuliza, bila kupaza sauti, ni nani aliyefagia nyumba ya dada yake. Nilisimama. Nilimwambia kwamba hakuna aliyefagia, kwamba fundo la fagio alilolifungua lilikuwa lilelile alilolifunga mwenyewe, na kwamba nilitumia mashine tu.

"Mashine gani?"

Nikawaonyesha. Ilikuwa imesimama pembeni ya kabati, na mfuko wake, ambao hukuweza kuumwaga tangu mwanzo wa masika, ulikuwa umevimba na kukaza kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Wote waligeuka kuutazama.

"Basi," akasema Bibi Sikudhani, "marehemu ameliwa."

Hapo walicheka kweli, hata wazee wa uani waliosimuliwa walicheka, na mimi mwenyewe, unisamehe, nilitabasamu, maana lilikuwa neno ambalo wewe ungelisema. Luisa peke yake hakucheka. Aliingia, akapiga magoti mbele ya mashine, akaugusa mfuko kwa kiganja. Kisha akaniambia, "Fungua, shemeji. Tumtoe dada."

Mama Klara, sikuweza. Mbele ya wakwe zangu wote, mimi ambaye maisha yangu yote nimesema "ndiyo" kwa mabwana, kwa mapadri na kwa wakwe, niliinamisha kichwa nikasema, "Naomba mnivumilie. Siyo leo." Waliniuliza kwa nini, nikasema kwamba mfuko ulikuwa kazi yako. Wakadhani sijui kuufungua, wakataka kumwita fundi. Nikasema hapana. Wakanitazama kama mtu anayewazuilia maiti. Wali uliliwa, na waliondoka bila kuanua tanga. Hivyo ndivyo maneno ya sokoni yalivyoanza.

Nijitetee kwako, si kwao. Vumbi lile lilianza kuingia mfukoni ungali hai. Ndani yake zilikuwamo siku zako za mwisho za kutembea chumbani, makombo ya mkate uliokataa kuumaliza, nyuzi za ukili uliokuwa ukiusuka. Nguo zako Luisa alikwisha kuzifungasha zigawanywe. Mikeka itachakaa. Katika nyumba hii yote, kilichokuwa kimebaki cha mwili wako kilikuwa mle, na nilitakiwa nikimwage kwa mkono wangu. Padri aliponitembelea aliniambia kwa huruma kwamba vumbi si wewe, na kwamba nimefundishwa vizuri kuliko hivi. Nilikubali kila neno, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikakaa mbele ya mashine, nikashindwa.

Na mashine nayo ilianza kushindwa. Kijitabu kilichokuja nayo kinaonya kwamba mfuko ukijaa kupita kiasi, hewa haipiti, na mtambo hujinyonga wenyewe kwa joto. Ndivyo ilivyokuwa. Sauti ikawa nzito, ikanuka, ikawa inazoa mchanga huku na kuutema kule. Ilinibidi kuiacha. Ufagio nao sikuweza kuushika, kwani kwa kufagia ningekuwa nimekiuka agizo la Luisa kwa mara ya pili, na safari hii kwa kujua. Kwa hiyo sikufanya lolote. Vumbi la Lindi likaingia kwa dirisha na kwa mlango na kwa dari, likatanda juu ya meza, juu ya kitabu cha sala, juu ya upande wako wa kitanda. Nilikaa katikati yake na mikono mapajani. Mwanetu Klara aliniandikia kutoka Songea nihamie kwake, nami sijamjibu, kwa kuwa ningemjibu nini? Kwamba siwezi kuondoka kwa ajili ya mfuko?

Leo asubuhi Luisa alirudi, na Bibi Sikudhani tu. Waliingia, wakaona hali ya nyumba. Luisa alinisalimu shikamoo kama kawaida, nikaitikia, nikamwomba radhi kwamba hakuna mkeka wa kumkalisha usio na mchanga. Akakaa hivyo hivyo. Nilitegemea madai. Badala yake alizungumza kwa utaratibu, macho yake chini, akanieleza mambo ya huko Rondo: kwamba bado amefunga kitambaa cha msiba kichwani, kwamba binti yake amechumbiwa na watu wa upande wa mume wamechoka kungoja, na wazee wanasema hakuna ngoma itakayopigwa katika ukoo ambao tanga lake halijaanuliwa. Binti analia. Kijana mwenyewe ameanza kutazama kwingine.

Kisha akasema, "Shemeji, wewe umebaki na vumbi lake. Mimi sina hata hilo. Nami siwezi kumaliza kulia mpaka wewe uniruhusu."

Sikuwa nimefikiri hivyo hata siku moja. Nilidhani natunza changu. Nikasimama, nikamwambia achukue gunia lililo nyuma ya jiko alilowanishe.

Niliilaza mashine kwenye mkeka. Kibanio cha mfuko nilikifungua mwenyewe, ingawa vidole vyangu vilichukua muda hata Bibi Sikudhani akageuka kutazama ukutani ili asinione. Nilimweleza Luisa namna yako: mdomo wa mfuko ndani kabisa, kaza, tikisa kwa upole, usikung'ute. Alifanya kama wewe. Hata mabega yenu yanafanana, jambo ambalo nilikuwa nimejizuia kulitazama. Vumbi lilitoka kwa mapande, la kijivu, laini kama sufi, limeshikana. Tukalihamishia kwenye ungo. Bibi Sikudhani alichukua mkasi akakata nywele na nyuzi zilizojiviringa kwenye brashi, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya vumbi. Mtani ana haki ya kusema lolote wakati kama ule, na nilingoja aseme. Hakusema.

Luisa aliokota unywele mrefu kidogo wenye mvi, akaunyoosha kwenye mwanga. "Huu wake," akasema. Akaokota mwingine. "Huu wangu. Nililala hapa usiku wa mazishi." Akaziangalia tena, na nikaona kwamba hana hakika tena upi ni upi. Akazirudisha zote.

Ndipo nilipouliza lile swali. Sikukusudia kuliuliza. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayeomba likizo kwa bwana wake, kama ninaweza kubaki na kidogo tu, kama kwenye bahasha. Luisa alimtazama Bibi Sikudhani, maana kwa mila neno la mwisho ni la mtani.

Bibi Sikudhani aliweka mkasi chini. "Mkwe," akasema, na hakukuwa na utani wowote katika sauti yake, "ukibaki na kidogo, umebaki na lote."

Wakalibeba. Mume hafuati, ndiyo desturi, kwa hiyo nilisimama ndani ya mlango nikawaona wakipita uani, nyuma ya kinu, kuelekea kichakani upande wa barabara ya Rondo, Luisa ameshika ungo kwa mikono miwili na mwenzake ameukinga kwa kanga ili upepo usilichukue kabla ya wakati. Waliporudi ungo ulikuwa mtupu na umepanguswa. Luisa alikuwa amefungua kile kitambaa kichwani, amekikunja mkononi. Akaninawisha mikono kwa kata, akaniambia kwamba nimefunguliwa, na kwamba harusi itatajwa baada ya mavuno, nikaribie. Nilimshukuru. Niliwasindikiza mpaka kona.

Niliporudi kinu kilikuwa kinasaga. Nikauvalisha mfuko mahali pake, nikafunga kibanio, nikaanza. Mama Klara, inavuta vizuri. Inavuta kama siku tuliyoileta kwa mkokoteni, mikeka inainuka ikitaka kuingia. Sikuisukuma. Nilipita sebuleni, nikapita chini ya meza, nikapita dirishani. Mwisho nilipita upande wako wa kitanda, polepole, na nikarudia hapo mara nyingi, tena na tena, mpaka Bwana Hirji alipozima injini. Kisha nikapiga magoti nikafungua mfuko nione kama umepata chochote chako. Ulikuwa na mchanga wa barabarani, mweupe, mkavu, uleule unaoingia katika nyumba ya mtu yeyote.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Nyumba yako ni safi sasa, hakuna kona yenye vumbi, na mtu wa kifua angeweza kuishi humu bila shida yoyote. Nisamehe kwa usafi huu.

Ni mimi, mumeo,
Baba Klara